Sungura katoka oparesheni: jinsi ya kumuuguza nyumbani mpaka apone, kwa wa Arusha na Moshi

Wadau wa sungura habari zenu. Naandika hii kwa urefu kidogo maana swali hili haliishi, mtu kampeleka sungura wake kuhasiwa, au kutumbuliwa jipu, au kushonwa baada ya kung'atwa na mbwa wa jirani, karudi nae nyumbani Sakina au Majengo huko, mnyama kajikunyata kwenye kona hataki kitu, na mwenye nae kazi yake ni moja tu, kuchungulia kidonda kila nusu saa. Naelewa kwanini, kidonda ndo kinachoonekana na kinatisha. Ila kidonda kilichoshonwa vizuri mara nyingi kinapona bila shida. Kinachoondoka na sungura baada ya oparesheni ni tumbo kusimama, kwahiyo mwongozo wote huu utaniona narudi hapohapo, mdomo na choo, anakula nini na anatoa nini.

Iko hivi. Utumbo wa sungura umeumbwa utembee muda wote, mchana na usiku, na kinachoutembeza ni nyuzinyuzi za majani. Maumivu yanaupunguza mwendo, woga pia, baridi pia, dawa ya nusukaputi pia, na siku ya oparesheni hivyo vyote vinamkuta kwa pamoja. Utumbo ukipunguza mwendo gesi inajaa, gesi ikijaa anaumia zaidi, akiumia zaidi ndo hataki kula kabisa, na asipokula utumbo unazidi kulala. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili na kidonda chake kikiwa kikavu, kizuri kabisa. Ndo maana masaa 12 bila kula wala kutoa choo ni dharura, unampigia dokta muda huohuo hata iwe saa nane usiku, husubiri kukuche.

Hatua ya 1: Jiandae kabla hujampeleka

Kwanza daktari. Bwana mifugo wa kata anaweza kuwa mtu mzuri sana na anakusaidia vizuri kwenye ng'ombe na kuku, ila kumfungua sungura tumbo mtafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na usione haya kumuuliza kama ameshafanya sungura. Kliniki zetu nyingi zimezoea mbwa, paka na ng'ombe. Sungura sio mbwa mdogo, mwili wake ni mwepesi, moyo wake unaenda kasi (mapigo 180 mpaka 250 kwa dakika ni kawaida kwake) na anapoa haraka akishalala. Dokta mzuri hatakasirika ukimuuliza, mara nyingi atakwambia mwenyewe kafanya wangapi na wanamuamshaje.

Swali la pili, ale au asile kabla. Ukiambiwa asile kuanzia usiku wa jana yake, rudisha swali kwa upole, manake hilo ni sharti la mbwa na paka ambao wanaweza kutapika wakiwa wamelala chakula kikaingia kwenye mapafu. Sungura hawezi kutapika kabisa, na kumshindisha na njaa ni kuanza kulisimamisha tumbo kabla hata ya kisu. Madokta wanaojua sungura wanamwacha ale mpaka karibu na muda wenyewe, wanamwondolea tu chakula kidogo kabla ili mdomo uwe msafi. Mfungie na kamfuko ka majani anayoyapenda aende nako, akizinduka awekewe mbele yake hapohapo kliniki.

Vitu vya kuwa navyo nyumbani: mabomba ya sindano ya ml 5 na ml 10 (duka lolote la dawa, ile sindano yenyewe usiichukue), peleti za sungura, robota la hei au nyasi zilizokaushwa vizuri zisizo na ukungu, taulo mbili tatu za zamani, chandarua, na mzani mdogo wa jikoni wa dijitali kama unaweza kuupata au kuuazima. Siku moja kabla mpime uzito uandike. Hiyo namba utaitegemea sana huko mbele kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: Usiondoke kliniki bila majibu

Amekula chochote tangu azinduke? Ametoa choo? Madokta wengi wazuri hawamruhusu mpaka waone katafuna kitu. Ila kama kliniki inafungwa jioni na usiku hakuna mtu atakayekaa nae, mi naona bora aje kwako unayemwangalia kuliko kuachwa peke yake gizani karibu na mbwa wanaobweka.

Alafu dawa. Jina la kila dawa, ml ngapi, mara ngapi kwa siku, na ya kwanza alipewa saa ngapi, vyote viandikwe kwenye karatasi. Na hapa kwenye saa muwe makini, "saa 2" kwenye karatasi inaweza kuwa asubuhi ya kwetu au mchana wa Kizungu, kwahiyo mwambie aandike kabisa asubuhi, mchana au jioni. Uliza pia nyuzi ni za kuyeyuka zenyewe au za kurudi kutolewa, na namba ya kupiga usiku ni ipi.

Jambo ambalo usikubali kuondoka bila kulimaliza ni dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani. Kuna mahali bado wanachoma sindano moja ya maumivu wanaona imetosha, na kesho yake dawa imeisha mwilini wakati tumbo lilikatwa jana. Inayotumika sana kwa sungura ni meloxicam ya maji, inapewa kwa kipimo cha uzito, na kwa oparesheni ya tumbo kawaida inaendelea siku kadhaa. Omba. Sungura asiyeumia anakula, na anayekula anapona.

Hatua ya 3: Safari na mahali pa kumlaza

Bodaboda hapana. Upepo, kelele, mashimo, na yeye tumbo ni bichi. Chukua bajaji au teksi, au mtu mwenye gari umchangie mafuta. Muweke kwenye boksi lenye matundu au kreti, chini taulo, juu funika na khanga aone giza, giza linamtuliza. Daladala ikibidi basi kaa mbele na umuombe konda apunguze mziki, wengi wanaelewa ukiwaambia mgonjwa.

Na kwa mara nyingine tena jamani, asinyanyuliwe kwa masikio. Kule minadani na masokoni wanawabeba hivyo na watoto wanaiga. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine unabeba matako yote ya nyuma, mgongo wake ukiwa umeegemea kwako. Sungura akining'inia anapiga mateke, na nguvu ya miguu yake ya nyuma inatosha kuvunja uti wake mwenyewe. Hii ni kila siku, ila akiwa na nyuzi ndo kabisa.

Nyumbani asirudi kwenye banda la nje. Mtengenezee kona ndani, chumba kimetulia, sakafu ni moja, hakuna ngazi wala ghorofa ya kurukia. Chini tandika magazeti alafu taulo au khanga kuukuu safi. Maranda na vumbi la mbao la kwa fundi seremala weka pembeni mpaka apone, linanasa kwenye kidonda na vumbi lake linamsumbua pumzi. Sakafu ya waya pia hapana. Maji weka kwenye bakuli zito la chini asilimwage, hata kama amezoea ya chupa, manake mgonjwa anapata shida kuvuta kwenye chupa. Sungura wa kilo moja anahitaji kama ml 50 mpaka 150 za maji kwa siku, kwahiyo sungura mkubwa wa kilo 3 bakuli lisipopungua kabisa mpaka jioni ujue kuna kitu.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza, joto

Joto la kawaida la sungura linacheza kati ya nyuzi 38.5 na 40. Akitoka kwenye nusukaputi linashuka, na likishuka chini ya 38 utumbo nao unalala. Arusha kuanzia Juni mpaka Agosti usiku ni baridi kweli, na kule juu Ngaramtoni na Sakina ndo usiseme. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, sio yanayochemka, ifunge kwenye taulo, iweke upande mmoja wa boksi ili akiona joto limezidi ahame mwenyewe. Gusa masikio, yakiwa ya baridi sana na amelegea, hilo la kupiga simu.

Jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba chake. Najua wengi wetu kipindi cha baridi tunaliingiza ndani, lakini hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu wazima, sembuse mnyama wa kilo 2 aliyelala chini sakafuni na ametoka kulazwa na dawa.

Moshi shida inageuka, hasa Januari mpaka Machi ambapo mchana inapita nyuzi 30. Sungura hatoi jasho, joto analitolea masikioni, na juu ya 28 anaanza kuteseka. Usiku wa kwanza bado muangalie asipoe, ila kuanzia kesho yake mchana chumba kiwe kivuli na hewa ipite, na unaweza kugandisha maji kwenye chupa ukaifunga kitambaa ukamuwekea ajiegemeze akitaka. Feni isimpige moja kwa moja.

Hatua ya 5: Chakula, hapa ndo kazi yenyewe

Akishaamka vizuri, anakaa mwenyewe na kichwa kimesimama, mpe chakula. Usisubiri kesho. Hei iwe mbele yake muda wote, alafu juu yake weka vitu vyenye harufu ya kumshawishi: giligilani, minti, majani ya karoti, matembele, mashona nguo mabichi, sukuma wiki kidogo. Vyote hivi vinapatikana Kilombero, Tengeru siku ya soko, Mbuyuni, au uani kwako. Osha vizuri kwa sababu ya madawa ya shambani, na majani yaliyorundikwa yakapata joto usimpe. Wengine watakataa kula kwenye sahani ila ukishika jani moja ukampelekea mdomoni wanavuta, jaribu hivyo kwanza, na ukae nae chini sakafuni, usimsimamie.

Vya kutompa hata kama anavipenda: ugali, mkate, pumba, mahindi, ndizi mbivu kwa wingi. Wanga na sukari vinachachuka tumboni wakati utumbo umelala na gesi inaongezeka. Kabichi nayo ipumzike. Na kwa kuwa kwetu miparachichi iko kila uani, majani ya parachichi ni sumu kwa sungura, tunda lake pia lisitumike, na majani ya nyanya na ya viazi mviringo hali kadhalika.

Asipogusa kitu mpaka masaa kadhaa baada ya kuamka vizuri, mpigie dokta umwambie, na akikukubalia anza kumlisha kwa bomba. Kuna unga maalum wa kiwandani wa kulishia sungura wagonjwa lakini huku kwetu kuupata ni bahati. Unaweza kutengeneza mwenyewe: chukua peleti, zisage, weka maji ya uvuguvugu, ziache zilainike kabisa, koroga mpaka upate uji mwepesi unaopita kwenye bomba bila kukwama. Ukikwama chuja, au kata ncha ya bomba kidogo alafu uisugue isibaki na makali ya kumkata mdomo.

Namna ya kumlisha. Mviringishe kwenye taulo kichwa kibaki nje, mpakate au muweke mezani mbele yako akiwa kwenye mkao wake wa kawaida wa miguu chini. Usimlaze chali hata siku moja. Ingiza ncha ya bomba kwa pembeni, kuna uwazi nyuma ya meno ya mbele hapo hakuna jino, sukuma kama ml 1, subiri atafune na kumeza, ndo uongeze. Haraka haraka uji unaingia kwenye mapafu na hapo umeongeza ugonjwa mwingine. Kiasi ni kama ml 10 mpaka 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja, mara nne mpaka tano kwa siku, yaani sungura wa kilo 2 anapata ml 20 mpaka 30 kila mlo. Siku ya kwanza akichukua nusu yake ni sawa, ongeza taratibu. Mkiwa wawili ni rahisi, mmoja anashika mwingine analisha, na mwisho mfute kidevu manake uji ukikaukia pale manyoya yanaoza.

Kuna hali mbili ambazo hutakiwi kumlisha kwa nguvu. Moja bado amelewa dawa hajakaa sawa. Ya pili tumbo limevimba na limekaza ukiligusa, amelala hajiwezi, hapo kunaweza kuwa na kitu kimeziba na ukimjaza uji unaweza kumpasua. Hiyo ya pili ni kuondoka nae saa hiyohiyo.

Sasa choo. Sungura mzima anatoa vigololi mia mbili na zaidi kwa siku, vikubwa, vikavu, vinafanana ukubwa. Baada ya oparesheni vya kwanza vitakuwa vichache na vidogo, vyeusi kidogo, usishtuke, tunachotaka ni vionekane na kila siku vikue. Badilisha gazeti asubuhi na jioni ili ujue vipya ni vipi. Piga picha kila unapobadilisha, ukimtumia dokta picha za siku mbili tatu zimepangwa anaelewa kila kitu bila maneno mengi.

Kuna kile choo kingine laini, kinang'aa, kimeshikana mashada, ambacho sungura anakila mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma. Hicho ni chakula, kina vitamini na protini anazozihitaji. Akiwa amevalishwa kola (ile koni ya shingoni ya kumzuia asitafune nyuzi) hawezi kukifikia, kwahiyo ukikikuta usikifagie, mpelekee mdomoni akitaka atakula.

Mkojo nao usikutishe bure. Wa sungura unaweza kuwa mweupe wa maziwa, wa njano, wa machungwa, hata mwekundu wa kutu kutokana na majani aliyokula. Damu halisi utaiona imejitenga, matone au madoa mekundu mabichi ndani ya mkojo au kwenye taulo, hiyo ndo ya kupiga simu.

Hatua ya 6: Jifunze kumsoma akiwa anaumia

Sungura ni mnyama wa kuwindwa, kuficha maumivu ndo uhai wake porini, hatalia kama mbwa. Mwaka 2012 watafiti walitoa kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa sungura, na ni vitu vitano tu ambavyo hata wewe unaweza kuviangalia ukiwa mbali: macho yamefumba nusu, mashavu yamebonyea badala ya kuwa ya mviringo, pua imekaa kwa ncha, ndevu zimekaza, masikio yamebanwa yamelala nyuma. Ongeza na mwili, amejikunja mgongo juu, anasukuma tumbo sakafuni, anasaga meno kwa sauti. Ule msago mwepesi mwepesi ukimkuna kichwani ni raha, huu wa maumivu ni mzito na anaufanya akiwa peke yake amenuna.

Muangalie kabla hujamsogelea, manake akikuona tu anajikaza. Ukiona dalili hizi na dawa ya maumivu anapewa, usiongeze dozi kichwani mwako, piga simu uulize.

Hatua ya 7: Dawa, na zile zinazoua

Hii sehemu naomba muisome hata kama mengine mtayaruka. Antibayotiki tulizozizoea nyumbani, amoksilini, ampisilini, Ampiclox, penisilini za kumeza, erithromaisini, klindamaisini, ukimpa sungura kwa mdomo zinaweza kumuua. Zinaua bakteria wazuri wa utumbo mpana wake, wabaya wanabaki peke yao wanazaliana na kutoa sumu, anaharisha, anakwisha. Sio hadithi, na inatokea kwa sababu mtu kaona kidonda kimevimba kakumbuka kuna vidonge vya mtoto vilibaki kabatini. Dokta anayejua sungura atatumia za makundi mengine kama enrofloxacin au zile zenye trimethoprim na salfa, kwa kipimo chake yeye.

Dawa za maumivu za watu pia, diklofenaki na wenzake, usimpe. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil ni sumu kwa sungura hata ya kupaka tu, kwahiyo kama siku hizohizo mnampulizia mbwa, sungura akae mbali.

Kumpa dawa ya maji ni kwa bomba dogo la ml 1, njia ileile ya pembeni. Dozi uliyopewa imalize siku zake, usikatishe kwa kuwa kachangamka.

Hatua ya 8: Kidonda

Mara mbili kwa siku inatosha, asubuhi na jioni. Mtu mmoja amnyanyue sehemu ya mbele kidogo akiwa amembeba vizuri, mwingine achungulie chini na apige picha. Siku mbili tatu za mwanzo wekundu kidogo na uvimbe mdogo ni kawaida, dume aliyehasiwa mfuko unaweza kuvimba kidogo nao. Kinachotakiwa ni kila siku kipungue. Kikiongezeka, kikiwa cha moto, kinanuka, kinatoa maji au nyuzi zimeachia, rudi kwa dokta. Jueni pia usaha wa sungura hautiririki, ni mzito kama dawa ya meno, kwahiyo jipu litakuwepo na nje hutaona unyevu wowote, utagusa tu kidonge kigumu kinachokua. Hicho hakikamuliwi nyumbani. Dokta akitaka kujua ni bakteria gani anaweza kupeleka sampuli maabara, na Arusha TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) wapo.

Usipake spiriti, usipake jivii, usimuogeshe. Jivii inaficha wekundu mpaka huoni kinachoendelea, na spiriti inaunguza, vyote ataviramba. Pakichafuka tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita, pamba safi, gusa gusa bila kusugua, kausha.

Kola mi siipendi mpaka ilazimu, manake sungura wengi wakivalishwa wanaacha kula, na umeshajua kutokula ni nini. Kama hagusi nyuzi muache. Akianza kuzitafuna, jaribu kwanza kafulana ka mtoto mchanga ka mtumba ukikate matundu ya miguu, kafunike tumbo, kiwe kimekaa bila kubana na nyuma pawe wazi ajisaidie. Ikishindikana ndo kola, na hapo umlishe na kumsafisha wewe.

Inzi. Moshi na maeneo yote ya chini kipindi cha joto, inzi akitaga kwenye manyoya machafu au kidonda, funza wanatoka ndani ya siku moja na wanaanza kula nyama. Chandarua kwenye boksi lote, nyuma yake pawe pakavu na pasafi, na kumkagua matakoni kila siku. Ukiona funza ni kliniki muda huohuo. Na wa miteremkoni, Marangu, Machame, kule juu Meru, mnawajua siafu, mgonjwa hawezi kuwakimbia, kwahiyo usimlaze kwenye banda la nje usiku, na ukikosa namna basi miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye mafuta machafu.

Hatua ya 9: Kurudi kwa dokta

Hata kama yuko vizuri, mrudishe. Siku ya pili au ya tatu kwa kuangaliwa tumbo na kidonda, alafu kati ya siku ya 10 na 14 kwa nyuzi. Hapo mwambie apime uzito mlinganishe na ile namba uliyoandika kabla, asikilize tumbo kwa kifaa chake pande zote mbili, aangalie na meno mpaka ya nyuma. Meno ya sungura hayaachi kukua, ya mbele yanaongezeka kama milimita 2 kwa wiki, na mgonjwa ambaye kala uji tu wiki nzima bila hei yanaweza kuanza kupishana. Nyumbani mpime kila siku saa ileile, akishuka zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake usisubiri tarehe ya kurudi.

Kama alikuwa jike na katolewa kizazi, uliza kilionekanaje. Majike wasiohasiwa wakishavuka miaka 4 wengi wanapata saratani ya kizazi, na ndo sababu kubwa oparesheni hii inashauriwa mapema, kwahiyo kama kilikuwa na uvimbe dokta akwambie na mapafu yake aanze kuyafuatilia, manake saratani hiyo inaweza kuhamia huko.

Hatua ya 10: Kumrudisha kwa wenzie

Akae mbali na kurukiwa mpaka nyuzi zitoke, jike anahitaji wiki mbili hivi, dume anachangamka mapema zaidi. Ila usimtenge kabisa na mwenzie aliyemzoea, weka waya katikati waonane na kunusana, manake akirudi na harufu ya kliniki baada ya kupotea siku nyingi wanaweza kupigana kama hawajuani. Badilishaneni taulo zao kila siku, harufu ichanganyike, alafu wakutanishe mahali ambapo si pa yeyote kati yao, wewe ukiwepo.

Dume aliyehasiwa bado anaweza kumpa jike mimba kwa wiki 4 mpaka 6 baada ya oparesheni, mbegu zilizobaki kwenye mirija zinatosha, na mimba ya sungura ni siku 31 tu. Hesabu kuanzia tarehe ya oparesheni, iandike kwenye kalenda ya ukutani, na waambie wote nyumbani pamoja na watoto kwamba kabla ya hapo mlango wa waya haufunguliwi.